Sema Inapoanza Kuuma

Jumatatu, 4 Machi

Mshauri wa hospitali amesema kila nikitaka kumfokea mjukuu wangu niandike kwanza, halafu nisome nilichoandika, halafu nione kama bado nataka kusema. Nimemwambia kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko pasi ya mkaa. Akasema, "Ndiyo maana nataka uandike, Bibi." Mjanja huyu mwanamke. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne; anayetaka mwandiko mzuri akautafute kwa walimu.

La kwanza: Njiti kaacha beseni la sabuni mlangoni tena, mtu angeteleza akavunja nyonga. Nimesoma nilichoandika. Bado nataka kusema.

Jumanne, 5 Machi

Nimesema.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Kwangu mimi mvua ni adui wa kazi, maana mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu tangu mama yake Njiti hajazaliwa. Niletee doa nitakwambia limetoka wapi. Hili la utomvu wa ndizi, hili la kutu ya waya, huyu alijifuta mikono baada ya kutengeneza baiskeli. Kwa hiyo mwezi uliopita, nilipokuta mkono wa blauzi ya Njiti una madoa kwa ndani, yamefuliwa kwa maji ya moto na mtu asiyejua kwamba damu haifuliwi kwa maji ya moto, sikuhitaji kuambiwa. Nilijua ni damu, nilijua si ya pua, na nilijua si ajali, kwa sababu ajali haiji mara tatu mahali pamoja.

Nilimuuliza kwa nini unajiumiza. Nilimuuliza kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. Akasema, "Bibi, nikijua nitakwambia."

Ana miaka kumi na tisa, mwembamba kama njiti ya kiberiti, ndiyo jina nililompa. Asubuhi anafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, mchana ananisaidia kufua. Mama yake, binti yangu wa mwisho, yuko mbali kikazi, hupiga simu Jumapili. Nilimpeleka Njiti hospitali nimemshika mkono kama mtoto wa chekechea, na hakuuvuta.

Tangu hapo kila nguo yake ikiingia kwenye beseni natazama mikono kwanza. Mshauri kasema niache, eti ni kama kumpekua mfungwa. Nimemwambia nitaacha. Sijaacha.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni yamening'inia sebuleni, tunapita chini yake tumeinama kama wezi.

Jumatatu, 11 Machi

Mlango wa pili kutoka kwa Mshauri kuna chumba kidogo, na ndani yake kuna msichana wa miwani ambaye kazi yake ni utafiti. Anapima jinsi watu wanaojiumiza wanavyosikia maumivu. Anao mtungi wa maji ya barafu yanayozungushwa na pampu, na kibati kinachopashwa moto polepole. Njiti kakubali mwenyewe kupimwa, kasaini mwenyewe. Mimi nikasema hasaini mtu kitu mpaka nimemwona huyo binti wa barafu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeumiza watu kwa mshahara?"

Akacheka. "Ndiye mimi."

"Mtu anajiumiza, wewe dawa yako ni kumuumiza tena?"

"Si dawa, Bibi. Maji hayatibu. Matibabu yako kwa Mshauri, na hayo hayasimami. Mimi nauliza tu." Akanielezea kwamba wapo wanaojiumiza ambao huchelewa kusikia maumivu kuliko watu wengine. Na wapo wanaosikia upesi kama yeye na mimi, lakini wanakaa nayo, hawayakimbii. "Kwa nini iko hivyo, hatujui vizuri. Tukijua, labda tutajua pa kumshikia mtu kabla hajajiumiza."

Hapo nimempenda. Kasema hajui. Watu wa hospitali wanaojua kila kitu nawafulia makoti, nayajua yaliyomo mifukoni.

Utaratibu ni huu. Unaingiza mkono kwenye maji. Yanapoanza kuuma unasema. Unaposhindwa unatoa. Katikati anakuuliza namba: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yale usiyoweza kuyafikiria. Ukikaa sana kengele inalia, anakutoa mwenyewe, maana hataki kumdhuru mtu.

Jumatano, 13 Machi

Leo ilikuwa siku ya Njiti. Asubuhi anafunga viatu nikamwambia, "Nisikilize. Nyumba hii haina watu wa kulialia. Mama yako alizaliwa asubuhi, jioni nilikuwa kwenye pasi. Usije ukatoa mkono mapema ukanitia aibu mbele ya wageni."

"Sawa, Bibi."

Husema sawa kwa kila kitu, ndiyo tabu yake.

Nilikaa kwenye benchi la korido. Mlango umerudishiwa, nasikia pampu inaguguma, sauti ya Njiti hakuna. Nikafurahi. Nikamwambia mzee mmoja aliyepakata picha ya kifua chake, "Mjukuu wangu yumo mle ndani, hata hasikiki." Akasema hongera, sijui alidhani anajifungua.

Walipotoka, mkono wa Njiti ulikuwa mwekundu, umefungwa taulo la vuguvugu. Yule binti wa barafu hakuwa na uso wa hongera. Alimtazama Njiti kwanza, Njiti akatikisa kichwa kwamba niambiwe.

"Amekaa mpaka kengele," akasema.

"Si unaona?"

"Bibi, ulimwambia nini kabla hajaja?"

Nikamwambia nilichomwambia, kwa fahari kabisa. Akavua miwani akaifuta. Akasema basi hajui kipimo hiki kimepima nini, maumivu ya Njiti au bibi yake. Nimeudhika. Nimempeleka mtu aliye imara, naulizwa kana kwamba nimempeleka mgonjwa wa kuazima.

Alhamisi, 14 Machi

Umeme ulikatika, tukawasha pasi mbili za mkaa, mimi mashati, yeye foronya. Mvua inapiga bati, huwezi kusikia hata redio ya jirani. Ndipo akasema, bila kunyanyua macho.

"Bibi, unajua nilichokuwa nafanya mle ndani? Maji yaliniuma mara moja. Nilisikia. Lakini kila nikitaka kutoa mkono nilikuwa najisemea ili nisitoe."

"Unajisemea nini?"

"Goigoi. Mkono mzito. Mzigo wa watu. Unakula bure. Kaa hapo hapo, unastahili."

Aliyasema kama mtu anayesoma bei za dukani, moja baada ya lingine, na foronya inanyooka.

La mwisho si langu. Yale mengine nayajua. Yametoka kwenye kinywa hiki, moja juzi tu kwa ajili ya beseni. Mimi nikifoka ni kama jiko linavyotoa moshi, moshi unatoka, mimi naendelea kupika. Sikujua kuna mtu kakaa pembeni anaukusanya.

Nikamwambia, "Nikisema goigoi simaanishi wewe ni goigoi."

"Unamaanisha nini?"

Nimepiga pasi mashati manne nikitafuta jibu. Nikapata la kusema kwamba kola ya lile la tano ina mkunjo.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimeifokea mvua tu. Mvua haikusanyi.

Jumatatu, 18 Machi

Kumbe wanapimwa pia watu wasiojiumiza, wa kulinganisha nao. Nikamwendea yule binti nikamwambia nipime mimi, upate wa kulinganisha wa kweli. Akasema nafasi ya watu wa umri wangu ipo. Akapima shinikizo la damu, akaniuliza moyo wangu, nikamwambia unadunda.

Alianza na kibati, anakiweka ndani ya mkono chini ya kiwiko. Nikamwambia akipashe vizuri, mimi pasi naijaribu kwa kidole, nikamwonyesha kidole. Akasema kidole kimekomaa, yeye anataka ngozi ambayo haijawahi kufanya kazi. Nikamwambia mwilini mwangu haipo ngozi ambayo haijawahi kufanya kazi. Akaweka kalamu chini, akacheka mpaka miwani ikashuka.

Kisha maji. "Sema inapoanza kuuma, Bibi."

Nikaingiza. Mungu wangu, maji yale. Yanaingia kwenye mfupa, yanakaa humo kama mpangaji asiyelipa. Nikatazama kalenda ukutani nikasoma mwezi mzima, tarehe moja hadi mwisho, nikarudi nyuma. Sikusema kitu. Kengele ikalia.

"Yaliuma?"

"Maji ni ya baridi."

"Maumivu, Bibi."

"Ni baridi tu."

"Namba?"

"Sifuri."

"Bibi, machozi yanakutoka."

"Hayo ya uzee."

Akaufunga mkono wangu taulo, taratibu, kama anafunga mtoto. Halafu akasema jibu langu hawezi kulitumia. "Sikukuuliza utashindwa lini. Nilikuuliza yanaanza kuuma lini. Hayo ni maswali mawili, Bibi, na wewe umenijibu lile ambalo sikuuliza."

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye matope. Nimefukuzwa kazi ya kuumia. Hata mama mkwe wangu, aliyenitafutia kosa kwenye chumvi na kwenye maji, hakuwahi kunipata kosa la uvumilivu.

Jumapili, 24 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kauliza Njiti anaendeleaje, nikasema yupo. Kauliza mimi je, nikasema nipo. Kasema, "Mama, ninyi wawili mnajibu kama karani mmoja." Halafu akalia kidogo, akasema ana mafua. Naye ni wa nyumba hii.

Jumatano, 27 Machi

Nimeona sitakubali kufeli maji. Nikaenda kwa jirani yangu muuza samaki nikaomba barafu, akataka kujua samaki nimetoa wapi. Nikasema barafu ni ya mkono. Akanipa bila kuuliza tena, anajua kuniuliza mimi kunachosha.

Nilijifungia uani na beseni. Njiti akarudi kazini mapema, akanikuta nimekaa kwenye kigoda, mkono umezama, macho nimeyafumba.

"Bibi, unafua nini?"

"Nafanya mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya kusema."

Alicheka. Sikumbuki lini nilimsikia mara ya mwisho. Ana kicheko cha mama yake, kinaanzia puani. Akavuta ndoo akaigeuza akakaa mbele yangu.

"Haya. Inauma?"

"Bado."

"Bibi, vidole vimekuwa vyeupe."

"Vyeupe si kuuma."

"Bibi."

"Haya, inauma."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo si namba."

"Mbili."

"Umeng'ata mdomo."

"Nne."

"Bibi."

"Saba. Saba, mtoto wee, toa mkono wangu humu."

Akautoa yeye, akauweka katikati ya viganja vyake akausugua. Viganja vyake vina joto. Kasema, "Umeona? Umesema na nyumba haijaanguka." Nimemwambia asinifundishe, halafu nikamwambia asiache kusugua.

Alhamisi, 28 Machi

Nilimpelekea yule binti habari kwamba sasa nimeweza. Kasema mtu aliyefanya mazoezi nyumbani hawezi kuingia kwenye utafiti. Kwa hiyo nimefeli kwa kutosema na nimefeli kwa kujifunza. Lakini akanitengenezea chai.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeona. Mkono wa kushoto, kwa ndani. Blauzi ilikuwa juu kabisa ya nguo chafu.

Niliandika hapa maneno ya kumfokea, mengi. Nikayasoma. Nikaona ni yale yale aliyojisemea mle ndani ya maji, nikayafuta kwa wino hadi karatasi ikatoboka.

Nikaenda kwake. Yupo kitandani, amelitazama dirisha. Nikakaa chini, magoti yakilia.

"Nimeona," nikasema.

"Nilijua utaona."

"Zamani ulikuwa unafua mwenyewe kwa siri."

"Ndiyo maana safari hii sikufua, Bibi. Niliiweka juu."

Nimefua maisha yangu yote, sikuwahi kudhani mtu anaweza kuniletea nguo kama mtu anayebisha hodi.

Nikamwambia, "Mwanangu, hodi hii umeipiga baada. Mimi nataka kabla."

"Kabla siwezi. Maneno hayatoki. Kifua kinajaa, halafu nakuwa kama simo mwilini, nakuwa mbali. Nikijiumiza narudi. Ndivyo ilivyo, nisikudanganye."

"Basi usiseme maneno. Sema namba."

Akanigeukia.

"Namba tu," nikasema. "Sitauliza kwa nini. Sitafoka. Hata kama nimeshika pasi ya moto, nitaiweka."

"Utaweza kutofoka?"

"Sijui," nikamwambia. Nililipata neno hilo kwa yule binti wa barafu. Halinishuki vizuri, lakini ni neno zuri.

Tulimpigia simu Mshauri pamoja, akatuita kesho asubuhi. Vitu vyake alivyokuwa akijiumizia Njiti akanipa mwenyewe mkononi. Havipo tena nyumbani, na sitaviandika.

Ijumaa, 5 Aprili

Mshauri kasema kurudi nyuma hatua moja si kurudi mwanzo. Nimemwuliza kama nimemharibu mimi. Kasema jambo hili haliji na mtu mmoja wala neno moja, na nisijipe ukubwa nisiokuwa nao. Kaninyoosha. Lakini kasema vilevile kwamba nikipunguza moshi, mtu atapumua vizuri.

Jumamosi, 6 Aprili

Njiti: "Tatu." Kasema akipita na ndoo, kama anasalimia. Nikasema, "Haya." Ndiyo hayo tu.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua siku zote, nguo zinanuka ukungu, nazifua mara ya pili bure. Njiti: nne. Kaniuliza na mimi, nikasema mimi sina namba. Akasema, "Mgongo je?" Nikasema mgongo ni mgongo.

Jumatatu, 15 Aprili

Naandika haraka, mwandiko huu msiucheke.

Mwenye nyumba ya wageni alitaka mashuka yake leo jioni, ana wageni wa mkutano. Umeme hakuna tangu asubuhi, upepo umeangusha nguzo. Tukawasha pasi za mkaa. Nilimpa Njiti mashuka mapya, yale meupe ya vitanda vikubwa, mimi nikashika mapazia. Mara nasikia harufu. Dobi harufu ile anaijua hata usingizini. Cheche imetoka kwenye tundu la pasi ya Njiti ikaangukia shuka, na shuka limekunjwa mara nne. Tundu moja limekuwa manne.

Nilifoka. Sikuandika kwanza, sikusoma, nilifoka. Nilisema goigoi. Nilisema mkono mzito. Nilisema mengine.

Hakusema hata sawa. Aliiweka pasi juu ya bati lake, vizuri, akaingia chumbani akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Basi nikabaki na shuka mkononi. Mvua inapiga bati. Nilienda mlangoni, nikanyanyua mkono nigonge, nikaushusha. Nilitaka kusema fungua, nikaogopa sauti yangu, kwa sababu sauti yangu ninayoijua ni moja tu. Huko ndani kimya. Nilivyokuwa nasikia fahari kwenye benchi lile kwamba mjukuu wangu hasikiki, sasa nilikuwa tayari kutoa nyumba na kila kamba ya nguo nimsikie.

Nikapiga magoti, nikaweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, mahali ninapopitisha fagio kila siku.

Nikasema, "Njiti. Mimi ni tisa."

Nikasogeza mdomo zaidi.

"Tisa, mwanangu. Si ya shuka. Shuka ni sifuri. Ni ya wewe kuwa huko ndani na mimi kuwa huku. Inaniuma. Inaniuma tangu ile blauzi ya kwanza, na sijasema."

Mvua. Halafu kitanda kikalia. Halafu miguu. Komeo likatoka. Akasimama mlangoni, mikono ameikumbatia kifuani, uso mweupe kama vidole vyangu ndani ya beseni.

"Nane," akasema. "Nane, Bibi, na inapanda."

"Umeshafanya?"

"Bado. Sijafanya. Nane."

Kabla. Amesema kabla.

Sikujua la kufanya na furaha hiyo, haikuwa saa ya furaha. Mshauri alisema tumpe kitu cha kushika na tusimwache peke yake. Kwenye beseni kulikuwa na shuka moja halijakamuliwa, zito, limejaa maji. Nikamwambia, "Shika ncha hiyo."

Shuka kubwa halikamuliwi na mtu mmoja. Unashika huku, mwenzako kule, mmoja anazungusha kulia mwingine kushoto, mpaka linakuwa kama kamba ya kufungia mizigo, na maji yanatoka. Tukazungusha. Alivuta kwa nguvu mpaka nikapiga hatua. Nikavuta na mimi. Analia, maji yanamwagika sakafuni, sikusema kitu kuhusu sakafu. Tulipomaliza tukalikunjua, tukalichovya tena, tukalikamua tena. Shuka limekamuliwa leo kuliko shuka lolote duniani.

"Namba?" nikamuuliza.

"Saba."

Tukachovya tena.

"Sasa?"

"Sita. Bibi, viganja vinaniuma."

"Namba ya viganja?"

Akafikiria. "Tatu." Akavitazama kama vimeletwa sasa hivi. "Nasikia vizuri. Nipo."

Tulimpigia Mshauri, akaongea naye muda mrefu mimi nikiwa nimemshikia simu. Nimemwambia Njiti neno moja kuhusu yale niliyofoka. Nimemwambia: "Niliposema mkono mzito nilimaanisha naogopa mwenye mashuka." Lile jibu nililolikosa kwenye mashati manne, ndilo hilo. Huwa naogopa, ikitoka mdomoni inatoka na moshi.

Kasema, "Basi siku nyingine sema unaogopa."

Nimesema nitajaribu. Sijasema sawa.

Jumanne, 16 Aprili

Nimempelekea mwenye nyumba ya wageni shuka lake na matundu yake. Kasema atalikata awe na foronya mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimerudi na maneno yote mdomoni.

Jumatatu, 22 Aprili

Njiti: tano, asubuhi. Mbili, jioni. Mimi: mgongo sita. Nimesema kwa mara ya kwanza. Kanikanda kwa mafuta akiniuliza kwa nini sikusema miaka yote hii. Nimemwambia hakuna aliyeniuliza namba.

Alhamisi, 2 Mei

Leo ilikuwa zamu yake ya pili kwa yule binti wa barafu. Asubuhi anafunga viatu, nikajizuia, nikatoka nje nikahesabu vibanio vya nguo. Akaniita mwenyewe. "Bibi, huniambii kitu?"

"Ukisikia inauma, sema."

Nilikaa kwenye benchi lile lile. Punde tu nikasikia sauti yake kupitia mlangoni, wazi kabisa: "Inauma." Nikampiga kiwiko mama aliyekaa karibu yangu, nikamwambia, "Huyo ni wa kwangu."

Akatoka na mkono uliolowa kidogo tu. "Nimesema nne nikatoa, Bibi. Mapema sana."

Yule binti kasema mtu mmoja hatoshi kusema lolote, anahitaji wengi, na huenda itachukua miaka ajue anachokitafuta. Kasema pia hajui kama Njiti sasa anasikia zaidi au anajihurumia zaidi. Nikamwambia hayo nayo ni maswali mawili. Akaandika.

Njiani tulikutana na mwenye nyumba ya wageni. Nikamwambia mjukuu wangu katoa mkono. Akauliza kautoa wapi. Nimemwacha na mshangao wake.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Nimeanika kila kitu, hata vitu vilivyokauka. Binti yangu kapiga simu ingawa si Jumapili, kauliza hali. Njiti kamwambia namba yake, mimi nikamwambia yangu. Halafu akasema, "Mama, mimi ni sita." Tumeongea hadi salio likaisha.

Jumatano, 15 Mei

Njiti: sita. Alikaa karibu yangu hadi ikashuka. Siku bado hazilingani. Kaacha beseni mlangoni.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua imekwisha, anga limefuliwa. Kazi nyingi. Nimefua nguo za nyumba ya wageni, makoti ya hospitali, na zetu. Jioni nimepiga pasi blauzi ya Njiti ya kazini. Nimeanza na kola, nikashuka mgongo, nikanyoosha mkono wa kulia, nikanyoosha wa kushoto, nikaikunja nikaiweka juu ya nyingine. Nikachukua shati linalofuata, nikafika katikati yake ndipo nikakumbuka kwamba sikuitazama mikono ya ile blauzi. Wala kwenye beseni sikuitazama.

Nimesimama na pasi hewani. Blauzi ipo pale pale, ni kuinyanyua tu.

Njiti yuko uani anaondoa nguo kambani, namsikia anaimba vibaya.

Nimeiacha imekunjwa.